Ndoto ya kuwa na dada Saudia

Juzi barazani, Langoni, mzee mmoja alitushushia darsa: vijana wa Lamu wa leo wavivu, kuvua hawataki, kwenda Matondoni kujifunza kuunda majahazi ndiyo kabisa. Wenzake wakatikisa vichwa. Nikanyamaza kwa adabu. Lakini ile kahawa aliyotununulia imelipwa na nani? Binti yake yuko Riyadh anapiga deki nyumba ya watu. Mwisho wa mwezi simu ikilia, mzee anavaa miwani, anausoma ujumbe wa M-Pesa herufi kwa herufi, kisha anamtuma mjukuu duka la jumla.

Sasa kijana wa nyumba hiyo bidii ataiona wapi? Alikuwa shule ya msingi dada alipoondoka. Ikaja friji, yakaja mabati, kisha yeye akanunuliwa mashine ya boti. Ilipokwama hakuipeleka kwa fundi. Alimpigia dada. Na dada, masikini, alituma. Huyo si mvivu, jamani, ni mjuzi wa hesabu! Amepiga mahesabu ya miezi ya kusi, bei ya petroli na anachopewa na mchuuzi wa samaki, akaona hakuna kazi Lamu inayolipa kama kuwa na dada Saudia. Unahodha wa nini? Dua yake kubwa ni dada atie saini mkataba mwingine.

Wasichana nao wanasukumwa upande wa pili. Jirani yangu mmoja alimaliza kidato cha nne na alama za kumpeleka uuguzi. Mama yake hakumkataza, alimuuliza tu: “Mwanangu, miaka mitatu ya ada, na shangazi yako kwa mkataba mmoja ameshapiga msingi?” Wiki iliyofuata wakaenda kutafuta paspoti.

Haya, sikatai. Pesa hizi zimelipa ada na kutoa wagonjwa hospitalini, langu pia tumbo limeshiba humo. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma zaidi ya dola bilioni 4.9, nyingi zikitoka Marekani, na Nairobi wanazitangaza kwa mbwembwe. Ni serikali hiyo hiyo iliyosimamisha mwaka 2014 kupeleka watumishi wa nyumbani Ghuba kwa sababu ya mateso, ikafungua tena 2017. Mawakala nawaachia Mungu.

Kinachonichoma ni sisi wa nyumbani. Tunamwambia binti pesa yake ni ya familia, naye anaamini, anakula mkate mkavu ili atume. Anarudi mgongo unauma, analala chumba cha wageni. Zungukeni mitaani muulize zile nyumba za mawe zilizojengwa kwa pesa za Saudia ni za nani. Hati, kama ipo, ina jina la kaka.