Macho ya ami: matone au vidonge?

Ami yangu wa Langoni, Lamu, tangu ujanani hatoki baada ya magharibi bila mtu wa kumshika mkono. Punda akija kichochoroni, humjua akishamgusa. Ana retinaitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi yanayompata mtu 1 kati ya takriban 4,000. Seli za kuonea gizani hufa kwanza, kisha pembeni hufifia hadi mtu akaona kama anayechungulia ndani ya mwanzi. Mwaka huu katikati nako kumeingia ukungu: mistari ya msahafu inapinda chini ya kidole chake. Skani ya Mombasa ilionyesha maji yamejikusanya na kuleta uvimbe katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Nyumbani kuna wanaosema aachwe, kwa kuwa dawa ya uvimbe haizuii seli kufa. Ni kweli haizuii. Lakini hapo katikati ndipo penye mwanga wote aliobakiwa nao, na maji yakikaa sana yanaweza kupaharibu kabisa. Siwezi kukubali aachwe.

Kazi ni kuchagua dawa. Asetazolamaidi ni vidonge vya tangu miaka ya 1950, vya presha ya macho, na hukausha maji ya retina vizuri. Lakini huleta ganzi ya vidole, uchovu na ladha ya chuma mdomoni, hushusha potasiamu, madini ya damuni, tena huweza kuleta mawe kwenye figo. Kwa mzee wa pwani, mwenye kutoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo, hilo la mawe linanitisha. Matone ya dozolamaidi, mara tatu kwa siku, huchonyota jicho ila mwili hausumbuki sana. Nguvu yake kwa kawaida ni ndogo. Na kwa dawa zote mbili, uvimbe unaweza kurudi mtu angali anatumia.

Mimi nilishikilia matone, kisha skani tena baada ya wiki kadhaa, ingawa skani ni boti hadi Mokowe na basi kutwa nzima. Bila hiyo tunabahatisha tu.

Ami tulimuuliza mwisho, na hilo lilikuwa kosa letu. Akasema, "Mwanangu, ganzi nitaistahamili. Nataka kusoma."

Sikuwa na jibu. Daktari amekubali vidonge, mradi figo ziwe nzima na asiwe na mzio wa dawa za salfa. Kesho asubuhi nampeleka akapimwe damu.