Paa, paka na namba 545

Ukikaa sebuleni na watu wanaofuata tamthilia kila jioni, dakika kumi haziishi bila utabiri. "Huyo dada wa kazi ataolewa na bosi." "Mama mkwe huyo, subiri, ataenda kwa mganga." "Kakohoa? Basi huyo kashakufa." Na kweli, kwenye filamu zetu sijawahi kuona kikohozi kikawa mafua tu. Watu hawa wanafanya kichwani kazi ambayo wasomi wameifanya kwa zaidi ya karne moja: kuorodhesha mambo yanayojirudia katika hadithi.

Mfini Antti Aarne alichapisha orodha yake ya ngano, yaani hadithi za mapokeo, mwaka 1910, kila aina na namba yake. Mmarekani Stith Thompson akaipanua mwaka 1928 na 1961, kisha Mjerumani Hans-Jörg Uther akaipanga upya mwaka 2004. Mrusi Vladimir Propp naye alichambua ngano 100 za kwao, akasema zote zinachota katika matukio 31 yaleyale, kwa mfuatano uleule.

Wasioipenda kazi hii husema inaua utamu. Hilo halinisumbui sana. Sebuleni wanatabiri kila kitu na bado hawang'oki kitini. Linalonisumbua ni kwamba orodha hizi ni kama makabati ya droo, na makabati hayo yalichongwa kwa kipimo cha ngano za Ulaya kwanza, halafu za wengine zikatafutiwa droo.

Chukua namba 545 ya orodha ile ya Aarne na wenzake, droo ya mnyama anayemtajirisha maskini. Ulaya anayejulikana zaidi humo ni yule paka mwenye viatu wa Mfaransa Charles Perrault, wa mwaka 1697. Humo humo kuna paa wetu, katika kisa cha Sultani Darai ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikisikia Zanzibar na kukichapa London mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani anaokota kisarafu, ananunua paa. Paa anampelekea sultani almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani huyo. Nguo za kuvaa bwana harusi hana? Paa anasema ameporwa na wezi. Paka naye alisema hivyohivyo. Paka anamla zimwi aliyejigeuza panya na kumtwalia bwana wake ngome; paa anamuua nyoka wa vichwa saba, nyumba inakuwa ya bwana. Bila ile namba, nani angewaweka wawili hawa meza moja? Hapo orodha imefanya kazi yake, tena vizuri.

Ila paka anaishia kuwa mheshimiwa, panya anawawinda kwa kujifurahisha. Paa anaugua. Bibi kizee anapanda ghorofani kumwambia bwana, naye anajibu apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa, mzoga unatupwa kisimani, na ni mkwe, yule sultani, anayekuja kumtoa na kumzika.

Mtetezi wa orodha atanikatiza, na ana haki: bwana asiye na shukrani yumo pia katika kisa cha Napoli cha Giambattista Basile, cha mwaka 1634. Lakini paka wa huko alijifanya amekufa ili ampime bwana wake, alipoujua ukweli akaondoka zake. Wetu amekufa kweli. Kwa hiyo droo ni sahihi, na bado ukiifunga baada ya kusoma namba, umeacha ndani kitu chenyewe.

Maana kuna mwisho. Hakuna kitu watazamaji wa filamu za Kibongo wanakichukia kama "kumbe ilikuwa ndoto". Mworodheshaji mwenye haraka angeweza kukitia kisa cha Darai katika fungu hilo, kwa kuwa ndoto imo. Ila imegeuzwa. Bwana analala katika nyumba yake kubwa, anaota yuko jaani akichakura. Anaamka: yuko jaani, anachakura.