Songeni Ndani, Nafasi Bado Iko

Mimi ni makanga. Nasema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Gari letu ni la abiria 14 kwa mujibu wa sheria, na kwa mujibu wa dereva ni la yeyote atakayepatikana barabarani. Tunatoka Kisumu, tunapita Kiboswa, Majengo na Mbale, tunageuzia Chavakali. Kazi hii nimeifanya miaka sita, na mdomo wangu umeizoea hata hauningoji tena. Naweza kuwa nahesabu pesa, nagombana na askari na kumeza mandazi, huku mdomo wenyewe unaita watu.

Nyumbani sisi ni Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo watu wa nje huliita Kweka. Wamisionari watatu kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na guku wangu huisimulia habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyewapokea mizigo. (Guku ni nyanya kwa Kimaragoli. Msomaji wa pwani asidhani nazungumzia kitoweo.) Kwetu hakuna ubatizo wa maji, hakuna mkate na divai, na kuapa ni mwiko: ndiyo yako iwe ndiyo, siyo yako iwe siyo. Mtu wa matatu kuzaliwa katika imani ya namna hiyo, nadhani Mungu alikuwa anacheka.

Jambo jingine, mikutano yetu ya shughuli haipigi kura. Watu wanasema, karani anasikiliza, na akiona nia imekuwa moja anaandika palepale, anasoma alichoandika, watu wanaitikia. Maneno yakiwa moto, karani anaomba ukimya. Mnakaa kimya mkimngoja Roho, na anayesukumwa kusema anasema. Sheria ya ukimya ni nyepesi sana: usiseme kama hujasukumwa.

Sasa, Jumamosi ile tulipata pancha Kiboswa saa tano usiku. Tairi la akiba lilikuwa na pancha yake lenyewe, tena ya zamani. Nilifika nyumbani saa tisa usiku. Saa kumi na mbili asubuhi guku alikuwa ananigongea mlango kwa fimbo. "Leo ni mkutano wa mwezi. Utalala ukifa."

Ibada ikaenda vizuri kwa sababu kulikuwa na kuimba, na mtu hawezi kulala amesimama akipiga makofi. Shida ilianza baada ya chakula. Kina mama walitupakulia ndizi za kuchemsha na chai ya maziwa. Nilikula sahani mbili. Kisha tukarudi ndani, mabati yakilia tik-tik kwa jua, nami nikakaa benchi la nyuma nikiegemea ukuta. Benchi la nyuma, tumbo la ndizi, ukuta wenye baridi. Niambie wewe ungefanya nini.

Karani wetu ni mwalimu mstaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alianza kwa kusoma yale maswali ambayo Marafiki hujiuliza: je, mnapendana inavyowapasa, na tofauti zikizuka mnazimaliza upesi? Akanyamaza kidogo. Halafu, je, mko waaminifu katika biashara na katika madeni yenu? Hapo nilitazama viatu vyangu. Vilihitaji kutazamwa.

Halafu ikaja hoja yenyewe. Watu wa ng'ambo ya mto walitaka wajitenge waanzishe mkutano wao wa kijiji. Sababu iliyotolewa ni kwamba kanisa limejaa, wengine wanasikilizia mahubiri dirishani. Sababu ya kweli ilikuwa sufuria. Kina mama wana sufuria tatu kubwa, zile za kupikia watu mia, na moja ilirudi kutoka matangani ikiwa na tundu. Upande wa huku unasema ilitobolewa ng'ambo. Ng'ambo wanasema ilikwenda ikiwa imeshatoboka. Lakini nani atasimama mbele ya Bwana aseme sufuria? Basi wakazungumza juu ya nafasi. Saa nzima, nafasi, nafasi, nafasi, mpaka mzee mmoja wa ng'ambo akapiga benchi kwa kiganja, na mama mmoja wa huku akavua kitambaa cha kichwa akakifunga upya, ishara ambayo kwetu kila mtu anaielewa.

Karani akavua miwani. "Marafiki, tunyamaze."

Wakanyamaza. Mimi nilikuwa nimetangulia.

Ndotoni nilikuwa Majengo, siku ya soko. Gari limejaa, lakini bado kuna mama na mkungu wake wa ndizi, na wanaume wawili wamesimama mlangoni kama nguzo. Na kama nilivyosema, mdomo wangu haungoji.

"Songeni ndani! Nafasi bado iko! Mbona mnajaza mlango? Wewe mzee, beba huyo mtoto! Leta sambaza! Sambaza hapo katikati!"

Niliamshwa na sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa bado inazunguka kwenye mabati. Watu kama themanini, hakuna aliyegeuka. Kwetu mtu akisukumwa kusema hageukiwi, anaachwa na Mungu wake. Mbele kabisa mama mmoja akasema, "Mmmh," ile ya kutoka kifuani. Mwingine akaipokea, "Mmmh."

Nikafungua mdomo nieleze. Lakini baada ya neno kama hilo watu huzidi kunyamaza, walitafune. Ukimya wetu hauvunjwi ovyo, na mimi nilikuwa nimeshauvunja mara moja. Nikamtafuta guku kwa macho. Alikuwa ameuma leso, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia.

Yule mzee wa ng'ambo aliyepiga benchi ndiye aliyeinuka. "Kijana amesema," akasema, sauti imelowa. "Mlango umejazwa na nani? Ni sisi wazee. Na huyo mtoto tunayeambiwa tumbebe..." Akashindwa kumaliza. Yule mama wa kitambaa naye akasimama, akasema kwamba kwa upande wake sufuria inaweza kuzibwa, fundi yuko Chavakali. Ndipo neno sufuria lilipotajwa mara ya kwanza siku hiyo, na paa halikuanguka.

Karani akaandika. Akasoma taratibu: mkutano umeonelea kwamba nafasi bado ipo, Marafiki wasogeleane, na habari ya kujitenga iwekwe kando. "Ndivyo tulivyosikia?"

"Ndiyo!"

Akafungua ukurasa wa pili. Kwa kuwa pia tumehimizwa kusambaza Injili, iundwe kamati ya watu watano. Jina langu likawa la kwanza. Nieleze hapa kwa wasiopanda matatu zetu: sambaza ni ule ubao tunaolaza katikati ya viti viwili ili abiria mwingine apate pa kukalia. Askari wakiuona tunalipa. Ndio niliokuwa nauitisha.

"Ndivyo tulivyosikia?"

"Ndiyo!" Na mimi nikaitikia. Ndiyo yangu ilikuwa ndiyo ya uongo, na niliisikia ikitoka.

Usiku huo sikulala, mimi ninayelala popote. Guku naye hakunisaidia. Kila nikipita jikoni alikuwa anaita kwa sauti ndogo, "Beba huyo mtoto," kisha anacheka mpaka anashika ukuta.

Jumatatu asubuhi, Chavakali, karani alikuwa stendi. Huenda Kisumu kliniki mara kwa mara. Nilimwachia kiti cha mbele, nikajisogeza dirishani.

"Mwalimu, mirembe."

"Mirembe muno."

"Mwalimu, ile jana... mimi sikusukumwa na Roho. Nilikuwa nimelala."

"Najua. Ulikoroma kwanza."

"Sasa mbona uliandika?"

Akainua miwani ya uzi akanitazama kama mtoto wa darasa la nne. "Niliandika kile mkutano ulichosikia. Mimi ni karani wa mkutano, si karani wa usingizi wako."

"Na ile kamati?"

"Jumamosi saa nne. Usichelewe." Kisha akaninyooshea kiganja kilicho wazi. "Tena, tangu mwezi jana una shilingi hamsini zangu. Uliniambia, mzee, chenji utapata mbele. Nilishuka Mbale sijaiona."

Hata sikujaribu kukana. Nikapapasa mifuko yote. Nilikuwa na noti moja tu ya mia mbili. Nikampa. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Chenji, Mwalimu?"

"Utapata mbele," akasema, akafumba macho.