Kusambaza nako ni kuchapisha
Mwandishi wa makala moja kuhusu kashfa mtandaoni, yaani maneno ya kumchafulia mtu jina, anasema anayesambaza tu maneno ya mwenzake hana lawama, kesi ni ya aliyeandika kwanza. Hapo anapotosha watu. Kinga ya namna hiyo ipo Marekani, kwenye kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996, ambacho hakimhesabu mtumiaji wala mwenye jukwaa kuwa mchapishaji wa maneno ya mtu mwingine. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza huona kurudia kashfa ni kashfa mpya, hata ukitanguliza "nasikia" au "eti". Na wenye biashara ndio wajihadhari zaidi. Mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya Australia iliamua kuwa vyombo vya habari vyenye kurasa Facebook ni wachapishaji wa maoni ya wasomaji wao, hata kama havikujua yameandikwa (baadhi ya majimbo yamelegeza kamba tangu 2024, lakini si yote). Yaani mtu anamwita mshindani wako mwizi chini ya tangazo lako, wewe umelala, na barua ya wakili inakuja kwako! Nasimamia ukurasa wa kampuni ndogo, na kinachonila muda si maswali ya bei, ni kuficha maoni ya watu wanaoshutumiana. Ukificha sana, wanakwambia unalinda waovu. Nyinyi wenye kurasa au magrupu, mnaacha maoni wazi au mnayapitia kwanza kabla hayajaonekana?