Nataka Flashi ya Kuwashia Kompyuta, Sikuomba Usaili

Katika kila ukoo kuna mtu mmoja ambaye huitwa kompyuta inapogoma kuwaka, na uteuzi wake haufanyiki kwa mtihani wala kwa cheti. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mimi, karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, ambaye kazi yangu halali ni kuhesabu mifuko ya saruji na kubishana na madereva kuhusu nondo zilizopungua njiani. Sifa zangu za kitaalamu ni mbili: ninamiliki flashi, na sijui kukataa.

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, sifa hizo zimeniongezea wateja wasiolipa. Windows 11 inadai kompyuta yenye TPM 2.0, yaani kijisehemu cha kutunzia funguo za usalama, pamoja na kichakataji cha miaka ya karibuni, ilhali kompyuta mpakato nyingi tunazonunua huku kwetu ni mitumba iliyokwisha kutumikia ofisi za watu Ulaya hadi ikastaafishwa. Bado zina nguvu, kibodi zake ni imara kuliko za mpya, na kosa lake pekee ni kuzaliwa mapema. Basi shemeji, mpwa na jirani wakishasikia kwamba kuna mfumo wa bure uitwao Linux Mint ambao hauulizi umri, Jumamosi yangu imekwisha. Mpwa wangu huingia na kompyuta kwapani akasema, "Shikamoo mjomba," na kabla sijamaliza kuitikia marahaba ameshaongeza, "Ni dakika tano tu, nimeona kwenye video." Kwenye video ni dakika tano kweli, kwa sababu aliyeirekodi ameikata sehemu yote ninayoilalamikia hapa.

Nitende haki: kuusimika mfumo wenyewe si tatizo. Ukishafika ndani, Linux Mint inakuuliza lugha, kibodi, mji uliopo na jina lako, maswali ambayo hata bibi yangu angeyajibu huku akichambua mchele. Shida iko nje ya lango, kwenye kuitengeneza flashi yenyewe. Kunakili faili la ISO, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima, kwenye flashi kama unavyonakili nyimbo hakusaidii kitu, kwa kuwa kompyuta inapoamka haitafuti faili lenye jina zuri. Inatafuta patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa) iliyopangwa kwa namna inayoitambua, na ndani yake programu ndogo ya kuanzishia iliyokaa mahali pake. Ndiyo maana zikatungwa programu za kutengeneza flashi za kubuti, yaani za kuamshia kompyuta, na hapo ndipo usaili unapoanza.

Chukua Rufus, ambayo Pete Batard amekuwa akiitoa bure tangu mwaka 2011, na ambayo ninaiheshimu kwa sababu haifiki megabaiti 5 na haihitaji hata kusimikwa. Ukiifungua, dirisha lake dogo linakukabidhi orodha: kifaa, chaguo la kubuti, mpangilio wa patisheni, mfumo lengwa, jina la flashi, mfumo wa faili na saizi ya klasta, yaani ukubwa wa vipande ambavyo flashi hugawiwa ili kuhifadhi data. Mpangilio wa patisheni ni MBR au GPT, yaani namna ya zamani na namna mpya ya kuigawa diski. Mfumo lengwa ni BIOS au UEFI, yaani programu ya zamani na ya sasa ya kuiamsha kompyuta, na pembeni kwenye mabano kuna CSM, ambayo ukiulizia unaelezwa kwamba ni ile hali ya UEFI kujifanya BIOS ili kuwaridhisha wazee. Karani wa stoo amekuja kutafuta flashi, sasa anatakiwa atoe msimamo wake kuhusu mgogoro wa urithi kati ya programu mbili zinazoishi kwenye ubao-mama. Na hiyo saizi ya klasta sijawahi kumwona binadamu anayeibadilisha, lakini ipo hapo kila siku, imekaa sawa na wenzake, kana kwamba ikikosewa nyumba itaungua.

Linalonikera zaidi ni kwamba programu inaendeshwa kwenye kompyuta nzima, lakini maswali yake yanaihusu kompyuta mbovu. Ni kama kutumwa duka la dawa kwa ajili ya mgonjwa aliyelala nyumbani, muuza dawa akataka kujua kundi la damu la mgonjwa, nawe ukisema hujui akakushauri ukamuulize atakapoamka, ilhali dawa uliyoijia ndiyo ya kumwamsha. Kompyuta ya mpwa wangu ingekuwa inawaka, ningefungua mipangilio yake nikasoma kama ni UEFI au siyo. Lakini ingekuwa inawaka, mpwa wangu asingekuwa sebuleni kwangu akinywa soda yangu.

Ninafahamu kwamba programu haiwezi kuiona kompyuta isiyokuwapo. Hata hivyo, ingeweza kuniuliza jambo ninalolijua. MBR ilikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983 na haimudu diski inayozidi terabaiti 2. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, na zilizofuata baada yake, zinabuti kwa UEFI na kupendelea GPT. Kwa hiyo swali moja tu, "Kompyuta unayotaka kuiamsha ni ya kabla ya mwaka 2012 au baada yake?", lingetosheleza wateja wangu karibu wote. Mpwa angeigeuza kompyuta, akakiona kile kibandiko cha Windows 7 kilichochubuka, akajibu, tukaendelea. Anayetaka kuchezea klasta angewekewa mlango wake nyuma ya nyumba.

Wakati maswali haya ya kitaalamu yanapaziwa sauti, swali la hatari kuliko yote linanong'onwa: ni diski ipi itakayofutwa? Kwenye Linux kuna amri ya zamani iitwayo dd, ambayo watu wameibandika jina la mharibifu wa diski, na wala si uchongezi. Unaiandikia inakotoka picha ya mfumo (lile faili la ISO) na inakokwenda, kwa mfano /dev/sdb, nayo inaandika bila kuuliza kama una uhakika, bila kukohoa. Kati ya flashi iliyo sdb na diski yenye picha za harusi yako iliyo sda kuna herufi moja tu. Programu zenye madirisha zina huruma zaidi: Rufus kwa kawaida huzificha diski kubwa za nje mpaka uziombe mwenyewe, na kabla ya kuanza inakuonya kwamba kila kilichomo kitateketezwa. Ila onyo hilo linakuja baada ya msururu wa vidirisha vingine vya kubonyezwa, na mtu aliyezoeshwa kubonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, ataibonyeza hata hukumu yake.

Wapo waliosema basi turahisishe, wakatuletea balenaEtcher, ambayo ni hatua tatu tu: chagua faili, chagua flashi, choma. Ni nzuri, inapendeza macho, na ikimaliza inasoma upya ilichoandika ili kuhakiki, jambo linaloweza kuwafichua wale wauzaji wa flashi zilizoandikwa terabaiti 2 ubavuni huku tumboni zina gigabaiti chache. Lakini kufanya mambo hayo matatu inahitaji upakuaji wa zaidi ya megabaiti 100, na mimi kifurushi changu cha intaneti ninakigawa kwa mtindo wa mama mwenye nyumba anayegawa nyama. Halafu siku mteja anapotaka Windows badala ya Linux, unaichagulia faili la Windows, nayo inakueleza kwa upole kwamba picha za Windows zinahitaji matayarisho ya pekee na kwamba ni heri ukatumie Rufus. Yaani nimekimbia usaili, nimevuka barabara, nimepokewa kwa tabasamu, na kisha nimesindikizwa mpaka kwenye mlango ule ule.

Hayo matayarisho ya pekee nayo yana kisa chake. Kompyuta za UEFI zimeandikiwa kusoma mfumo wa faili uitwao FAT, na toleo lake la FAT32 halipokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, ilhali ndani ya Windows ya siku hizi kuna faili liitwalo install.wim ambalo mara nyingi limeshanenepa kupita hapo. Microsoft wenyewe wanatoa chombo chao kinachoyamaliza haya kimyakimya, kinachotaka flashi ya gigabaiti 8 au zaidi na kuifuta yote. Sharti lake ni kwamba kinaendeshwa kwenye Windows iliyo hai, kwa hiyo mwenye kompyuta moja tu, nayo ndiyo iliyokufa, anatakiwa awe na jirani mwema.

Tuseme umeshinda usaili na uandishi umeanza. Sasa unatazama mstari wa maendeleo. Kwenye Rufus, kabla hujaanza, sehemu ya hali imeandikwa kwamba iko tayari. Kazi ikiisha, sehemu ile ile inaandika vile vile kwamba iko tayari, tofauti ikiwa ni kwamba mstari sasa umejaa kijani. Hakuna pongezi wala "imekwisha, ichomoe". Nimekaa na watu wazima wenye watoto vyuo vikuu wakiukodolea macho mstari wa kijani, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuigusa flashi. Linux ina vituko vya aina nyingine: mstari unakimbia hadi mwisho kwa muda mfupi unaotia shaka, kisha unaganda, kwa sababu data imeingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta na bado inamiminwa taratibu kwenye flashi ya bei nafuu. Ni katika ukimya huo ambapo mpwa husema, "Mjomba, imekwama, chomoa," na ni katika ukimya huo huo ambapo umeme wa mtaani kwetu hupenda kukatika.

Flashi ikishakuwa tayari, programu inakuaga bila kukwambia neno hata moja kuhusu safari iliyobaki, nayo ndiyo ngumu. Kompyuta lengwa inapaswa kuambiwa ibuti kutoka kwenye flashi, na kila kabila la kompyuta lina kitufe chake. Dell na Lenovo hutumia F12, HP hupenda Esc kisha F9, Asus mara nyingi ni Esc au F8, na Acer ina F12 ambayo mara nyingi imezimwa mpaka uingie kwenye mipangilio ukaiwashe. Muda wa kubonyeza ni ule ambao nembo ya kampuni inaonekana kwenye skrini, yaani upenyo wa kupepesa jicho. Mpwa wangu ana mbinu ya kubonyeza F12 kwa vidole viwili kwa kasi ya mpiga marimba, na kwa kuwa kompyuta yake ni HP, marimba yale hayamfikii mtu yeyote. Je, ingegharimu nini programu hizi kumalizia na kikaratasi kidogo cha kusema, "Sasa chomeka kwenye kompyuta ile, na ikiwa ni ya aina fulani bonyeza kitufe fulani"?

Katika yote, iliyonipunguzia uzee ni Ventoy, iliyoanza kutoka mwaka 2020. Hii unaisimika kwenye flashi mara moja, kisha unanakili mafaili ya ISO kama nyimbo, matano au kumi, na kompyuta ikibuti inakuletea orodha uchague. Nilipoielewa nilitaka kumpigia simu mtu, nikakosa wa kumpigia. Lakini hata peponi kuna lango. Kwenye kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot, unaokataa programu za kuanzishia usizozitambua, mara ya kwanza inatokea skrini ya buluu inayodai kwamba kuna ukiukaji wa usalama, na mgeni wako anaanza kukutazama kama mwizi. Unatakiwa ubonyeze kitufe, uchague kuandikisha ufunguo kutoka kwenye diski, uingie kwenye patisheni ndogo iitwayo VTOYEFI, na humo ulitafute faili ambalo jina lake lote kwa herufi kubwa linakusihi uliandikishe. Ni jina refu linalosomeka kama mtu anayepiga kelele kutoka kisimani. Nadhani aliyelipa jina hilo alikuwa amechoka kupigiwa simu, na kati ya waandishi wote wa programu hizi ndiye ninayehisi tumewahi kuishi nyumba moja.

Baada ya mpwa kuondoka na kompyuta yake inayopumua, linabaki suala la flashi. Ukiichomeka kwenye Windows baada ya kuandikiwa Linux kwa njia ya dd, inaonekana kama imebaki na megabaiti chache, na Windows inakuletea kidirisha cha kusema kwamba lazima uifomati kabla ya kuitumia. Mama Neema, ambaye flashi hiyo ni yake kwa hati zote isipokuwa ya serikali, anaitaka kwa ajili ya nyimbo za kwaya, na spika ya kwaya inasoma FAT32 pekee. Flashi ni ya gigabaiti 64, ilhali dirisha la kawaida la Windows la kufomati kwa miaka mingi limekataa kuipa FAT32 flashi inayozidi gigabaiti 32. Rufus haina kikwazo hicho. Kwa hiyo nimeifungua tena, nimechagua flashi isiyobuti, na imenionyesha mpangilio wa patisheni, mfumo wa faili na ile saizi ya klasta, huku Mama Neema amesimama nyuma ya kiti changu, kanga begani, akitaka kujua kama klasta ndiyo inayofanya besi iwe nzito.