Utando wa Muhogo: Tuanze na Kidonda, Mfuko Baadaye

Sahani iliyoliwa uji wa muhogo ikilala bila kuoshwa, asubuhi unakuta utando mwembamba umekaukia pembeni, unang'aa, na ukiuvuta kwa ukucha unabanduka mzima. Kinachofanyika maabara ni hicho hicho: wanga hupikwa kwenye maji mpaka uive, kwenye nyuzi 70 hivi, hutiwa gliserini kidogo usiwe wa kukatikakatika, humwagwa kwenye sinia na kuachwa ukauke. Lakini tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Tanzania Juni 1, 2019, ukiutaja utando huo Mtwara au Lindi watu wanawaza mfuko tu, wala si kitu cha kufunika kidonda, na kwenye mfuko wanaoupinga wana hoja nzito.

Wanga unapenda maji. Ukiwa mkavu huzuia oksijeni vizuri, na korosho ikifungwa kwenye mfuko inahitaji kinga hiyo, kwa kuwa karibu gramu 44 za kila gramu 100 zake ni mafuta, nayo huchacha yakipata hewa. Unyevu wa pwani hii ukishauingia, unalegea na kupitisha mvuke, korosho ya kukaanga inakuwa laini mdomoni. Halafu kuna makopa, yaani muhogo uliokaushwa. Kwa familia ya Newala au Nachingwea, muhogo ni ugali kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Anayeuliza kwa nini chakula kigeuzwe mfuko wa kutupwa anastahili kujibiwa kwa hesabu.

Tupige hesabu hiyo. Utando wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ukubwa wa sentimita 10 kwa 10, unaotosha kufunika kidonda cha ukubwa wa kiganja, una uzito wa gramu moja na nusu hivi. Mfuko wa sentimita 30 kwa 40, pande mbili, kwa unene huo huo, unakula utando wa vidonda 24. Na mfuko wa kubebea mzigo hauwezi kuwa mwembamba hivyo, kwa hiyo tofauti yenyewe ni kubwa zaidi. Kilo moja ya wanga, ambayo hutoka kwenye kilo nne au tano za muhogo mbichi, inafunika vidonda zaidi ya 600. Hicho ni kikapu kidogo tu cha muhogo, na hakimnyang'anyi mtu ugali.

Tena kule kupenda maji, ambako kwenye korosho ni kasoro, kwenye kidonda kuna faida. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwamba majeraha ya nguruwe yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya yaliyoachwa wazi. Shashi kavu ikigandana na kidonda, muuguzi huilowesha kwa maji ya chumvi, anavuta taratibu, mgonjwa kauma kanga, na ngozi changa inatoka nayo. Utando unaokunywa majimaji ya kidonda na kuwa ute hutoka kwa kuoshwa tu. Wanga peke yake hulegea mno, ndiyo maana watafiti huuchanganya na vingine, na karajinani, itokayo kwenye mwani wa aina tunayolima pwani hii, ni mojawapo.

Pingamizi linalonisumbua ni usafi. Wanga ni chakula cha bakteria pia. Mvuke wa moto wa kuua vijidudu hospitalini unaweza kuuharibu utando wenyewe, na mionzi hukata minyororo ya wanga. Bila kiwanda safi na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mtu asibandike kitu cha jikoni kwenye jeraha.

Hiyo ni kazi ya miaka, na inahitaji fedha. Naona ni heri zitumike huko kuliko kwenye mfuko utakaolegea kabla haujafika sokoni. Wa kufikiriwa kwanza wapo hapa hapa: akina mama wanaobangua korosho kwa mkono. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, hata wakijipaka majivu vidole vinababuka, na kesho yake wanarudi kubangua kwa vidole hivyo hivyo, wamevifunga kitambaa kikavu.