Kadi ya Grafiki Ikigoma, Mtumiaji Aambiwe

Kwa miaka mingi, kila aliyelalamika kwamba video inakwamakwama kwenye mfumo endeshi wa Linux amejibiwa kuwa kosa ni la draiva za grafiki, yaani programu zinazoendesha kadi ya grafiki. Zamani jibu hilo lilikuwa na ukweli mwingi, ila kwa maoni yangu limepitwa na wakati. Draiva huria za Intel na AMD zimekomaa, na hata NVIDIA, ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliitukana hadharani mwaka 2012, ilifungua msimbo wa moduli zake za kerneli (kiini cha mfumo) mwaka 2022, ingawa sehemu kubwa ya draiva iliyo nje ya kerneli bado imefungwa. Kinachonikera sasa ni kwamba mfumo ukishindwa kuitumia kadi ya grafiki kusimbua video, yaani kuifungua video iliyobanwa ili ionekane, haumwambii mtu.

Fremu moja ya video ya pikseli 1920 kwa 1080, ikishasimbuliwa, huchukua takriban megabaiti 3, na video ya fremu 60 kwa sekunde hudai kila fremu iwe tayari ndani ya milisekunde 17 hivi. Sehemu maalumu ya kadi ya grafiki, iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee, huimudu bila taabu. Prosesa nayo mara nyingi huiweza, lakini kwa gharama ya joto, kelele za feni na betri inayokwisha mapema. Ili kazi ifike panapostahili, kivinjari, kiolesura cha VA-API (njia ya programu kuiomba kadi isimbue video), draiva na kodeki (mtindo wa kubana video) yenyewe lazima vipatane; kimoja kikikataa, mzigo wote humwangukia prosesa, video huendelea kucheza, na mwenye kompyuta hubaki akiamini kwamba mashine yake imezeeka.

Chukua laptopu yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Amri ya vainfo itaonyesha kwamba inasimbua kodeki ya H.264 bila shida, na draiva yake haina dosari yoyote. Hata hivyo, YouTube hupendelea kukipa kivinjari video za VP9 au AV1, kodeki ambazo chipu hiyo haiwezi kuzisimbua kikamilifu. Fungua intel_gpu_top, programu inayoonyesha kazi za kadi, wakati video inacheza, na mstari ulioandikwa Video unaweza kusoma sifuri muda wote. Kukilazimisha kivinjari kiombe H.264 hutosha kuituliza feni, lakini ni nani asiye fundi atakayewaza kutafuta huko?

Mwaka 2022 Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliondoa usimbuaji wa H.264 na H.265 kwenye kifurushi chake cha Mesa (mkusanyo wa draiva huria za grafiki) kwa kuhofia hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, hatua iliyowagusa zaidi wenye kadi za AMD. Sina ugomvi na tahadhari ya kisheria. Ugomvi wangu ni kwamba anayecheza video kwenye mfumo wa namna hiyo haoni dokezo lolote kwenye skrini, wakati kifurushi mbadala kinapatikana katika RPM Fusion, hazina ya programu iliyo nje ya Fedora.

Wapo watengenezaji wanaosema usimbuaji wa prosesa ni wa kutegemewa zaidi, na hawakosei: kadi zimewahi kutoa picha za kijani au kugandisha kompyuta nzima. Kwa sababu hiyo kicheza video cha mpv hakiitumii kadi mpaka ukiambie. Lakini angalau ukibonyeza herufi i, mpv hukuonyesha kama video inasimbuliwa na kadi. Firefox nayo ina jedwali la kodeki ndani ya ukurasa wake wa about:support, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hapiti kamwe.

Taarifa, basi, zipo. GNOME na KDE, mazingira ya eneo-kazi ya Linux, zingeweza kuziweka kwenye ukurasa uleule wa mipangilio unaotaja jina la kadi ya grafiki: kila kodeki na mstari wake, na mbele yake maelezo kama inasimbuliwa na kadi au na prosesa, pamoja na jina la kifurushi kinachokosekana pale ambapo kipo cha kusakinisha.